Gauni la mtoto wa maua

Ndugu msikilizaji, katika mji huu wa Dar es Salaam hakuna jambo linalopangwa kwa uangalifu kama harusi. Shimo linaweza kukaa katikati ya barabara ya mtaa miaka mitatu bila kuitishiwa kikao hata kimoja, lakini harusi ya Jumamosi moja ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ndogo ndogo za chakula, vinywaji, usafiri, ukumbi na mapambo. Kadi za michango hutangulia miezi mitatu au minne. Siku hizi ahadi hailali, kwani fedha hutumwa kwa simu, na asiyetuma hukumbushwa kila asubuhi katika kundi la WhatsApp, jina lake limewekwa pale na sifuri mbele yake, ndugu na wakwe wote wanaliona. Sina ugomvi na utaratibu huo. Harusi zetu zinabebwa na michango ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu, na kijana wa mshahara mdogo asingeimudu peke yake.

Ninachotaka kukizungumzia leo ni kifungu kimoja ambacho mara nyingi hakimo katika bajeti ya kamati. Ni mavazi ya watoto. Ninasema wale watoto wa maua wanaomtangulia bibi harusi, wasichana wawili au wanne wenye vikapu, na pengine kijana mmoja mdogo aliyebeba pete juu ya mto. Bwana harusi ana suti yake, bibi harusi ana shela lake, wapambe wamekwisha kaa kikao cha sare yao. Mtoto wa maua, katika harusi nyingi za hapa mjini, huvishwa na mzazi wake. Na mzazi huyo haulizwi, huambiwa.

Mama mmoja wa Temeke, msikilizaji wa kipindi hiki, alinieleza yaliyompata. Anayeoa ni mdogo wake wa kiume. Binti yake wa miaka mitano aliombwa awe mtoto wa maua, na heshima hiyo aliipokea kwa mikono miwili. Wiki moja baadaye akapigiwa simu na shangazi wa bibi harusi, ambaye ndiye anayeongoza kamati ya mavazi. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Magauni ya watoto tumeshayaona, yako kwenye duka moja mjini. Wewe tuma tu hela, mimi nitachukua yote kwa pamoja."

Akatajiwa bei. Ilizidi kodi yake ya chumba ya mwezi mzima.

"Shangazi, mimi nina cherehani ndani. Nielekezeni rangi na mtindo, nitamshonea mwenyewe."

"Hapana mwanangu, tunataka wafanane. Hayo ya kushona nyumbani yatajionyesha kwenye picha. Kama ni mzigo kwako niambie mapema, tutamtafuta mtoto mwingine."

Hebu fikiria, ndugu msikilizaji. Yule mtoto alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anatembea ukumbini kwao na kikapu cha kuwekea vitunguu, hatua moja baada ya nyingine, akimwaga maua ambayo hayapo. Mama huyo akawa na njia tatu: akope, amwambie mtoto kwamba nafasi yake kapewa mwingine, au ashone na kuomba akubaliwe. Wengi ninaowajua huchagua ya kwanza. Gauni huvaliwa saa sita, deni hulipwa miezi sita.

Kabla hatujamlaumu shangazi, tukubali kwamba hofu yake ina msingi. Magauni manne yaliyoshonwa na watu wanne, kila mmoja kwa kitambaa alichokiokota mwenyewe, hayawezi kufanana. Neno nyeupe peke yake lina tafsiri nyingi dukani. Kuna nyeupe ya chaki, nyeupe ya maziwa, kremu, na ile inayokaribia rangi ya meno ya tembo. Hata nyeupe mbili za jina moja zikitoka katika majora mawili huweza kupishana kidogo, na kupishana huko hakuonekani mpaka watoto wasimame bega kwa bega. Shangazi amekwisha kuona harusi za namna hiyo, nami nimeziona. Lakini dawa yake si duka. Dawa ni kununua kitambaa cha watoto wote katika jora moja, siku moja, kisha mtu mmoja akate yote kwa kipimo cha kila mtoto. Baada ya hapo kila mzazi anaweza kushona la mwanawe, au mwenye mkono mzuri akashona yote manne.

Mambo haya ya kuwapanga watoto mbele ya bibi harusi hatukuyaokota sisi peke yetu. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa nyeupe, na wasichana 12 walimshikia mkia wa gauni. Wakati ule bibi harusi wengi wa Ulaya walivaa rangi yoyote ya gauni lao zuri, na harusi ile ilisaidia sana kuieneza nyeupe. Tukaja kuipokea kupitia makanisa na picha. Mwaka 1981, Julai 29, Lady Diana Spencer aliolewa London na gauni lenye mkia wa futi 25 na mikono iliyofura kama maboga, na mtoto mdogo kuliko wote katika msafara wake alikuwa na miaka mitano, sawa na huyu wetu wa Temeke. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mwaka ule, ilikuja mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Lakini picha zilifika kwa magazeti na kwa kanda za video, na mafundi wetu walizitazama kwa jicho la kazi. Miaka mingi baada ya pale kila gauni la mtoto lilikuwa na mikono iliyofura na utepe mkubwa mgongoni.

Na nani alishona magauni yale? Mama zetu, shangazi zetu, na fundi wa barazani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba wa bidhaa, khanga na vitenge vilipangiwa foleni, na aliyepata mita tatu za kitambaa kizuri alizifungia sandukuni zikingoja shughuli. Gauni la duka halikuwa jambo la kuchagua au kukataa, maana halikuwapo. Mtoto alishonewa nyumbani, na hakuna aliyesema limejionyesha kwenye picha. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, kisha magauni mapya ya watoto kutoka China na Uturuki, yamening'inizwa Kariakoo ndani ya mifuko ya nailoni. Hapo ndipo neno "la kushona" likaanza kusemwa kwa sauti ya chini.

Nimeyashika magauni hayo ya duka na kuyageuza ndani nje, na ninawashauri wazazi wafanye hivyo kabla ya kulipa. Yapo mazuri. Lakini mengi yameshonwa kwa ajili ya kutundikwa. Nafasi ya mshono ni nyembamba mno, kwa hiyo likibana huwezi kulifungua hata kidogo. Neti ngumu imeunganishwa kiunoni bila bitana, na makali yake yanagusa ngozi. Zipu ni ile nyembamba inayoachia ukiinama. Nadhani wengi wetu tumemwona mtoto wa maua anayelia katikati ya ibada, mama yake akimnong'oneza kwa hasira anyamaze. Watu husema mtoto huyo ana aibu ya watu. Pengine hana aibu yoyote. Anakwaruzwa.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana mama wa Temeke hakukopa. Alikaa kwenye cherehani yake ya miguu, Butterfly ya zamani ya mama yake mzazi, ambayo haiulizi kama umeme upo, na akaniruhusu nitazame. Kwa mambo mengine niliuliza mafundi wawili wa Mtaa wa Uhuru, ambao hawakukubaliana isipokuwa kwa moja: kwamba gauni la mtoto ni gumu kuliko la mtu mzima, kwa sababu mtu mzima atavumilia.

Alianza na kipimo. Mtoto alipimwa kifua, kiuno, mabega, urefu kutoka bega hadi kiunoni, na kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Kiuno cha binti huyo ni inchi 22, na kutoka kiunoni hadi kifundoni ni inchi 24. Gauni la duka huandikwa umri, miaka mitano au sita, lakini watoto wa miaka mitano hawalingani, na wala hawana habari na kibandiko.

Kitambaa alichochagua ni satini yenye upana wa inchi 60. Hakuichagua chini ya taa ya duka. Alimwomba muuzaji, wakatoka na ncha ya jora hadi mlangoni, akaiangalia juani pamoja na kipande cha kitambaa cha wapambe alichopewa na wifi yake mtarajiwa. Mita moja na nusu zilimtosha gauni zima, kwa sababu upana wa inchi 60 peke yake ni karibu mara tatu ya kiuno cha mtoto, na hiyo ndiyo siri ya sketi iliyojaa. Unachukua upana wote, unapitisha nyuzi mbili za mishono mirefu kwa juu, unazivuta taratibu mpaka marinda yakusanyike kufikia kiuno, kisha unaunganisha. Ukitumia mara mbili ya kiuno sketi itakuwa ya kawaida. Ukizidisha mara tatu na kitambaa ni kizito, kiuno cha mtoto kitakuwa kama gunia lililofungwa kamba.

Satini ina hila zake. Kwanza inang'aa kwa mwelekeo. Ukikata kifua kichwa juu na sketi kichwa chini, mchana hutaona kitu, lakini taa ya mpiga picha ikiwaka kifua kitakuwa rangi moja na sketi rangi nyingine. Ndiyo maana vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande mmoja, hata kama kufanya hivyo kutakula kitambaa zaidi. Pili, haisamehe. Tundu la sindano au pini likishaingia hubaki, kwa hiyo mama alipiga bandi ndani ya nafasi ya mshono tu, kwa sindano nyembamba, na kila alipokuwa na shaka alijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Tatu, kingo zake hufumuka nyuzi haraka, na hapa hapana ujanja ila kuzishona kingo hizo kabla hazijaanza kukimbia. Nne, pasi. Satini nyingi ya dukani ni ya poliesta, ambayo huyeyuka. Pasi iwe ya moto mdogo, na juu ya kitambaa utandike kipande cha pamba. Mwenye pasi ya mkaa aijaribu kwanza pembeni, maana mkaa hauna namba.

Kilichonipendeza zaidi hakikuwa cha kuonekana. Ndani ya kifua chote alitia bitana ya pamba, na mishono yote ya shingo, mabega na kiuno ikafichwa katikati ya satini na bitana, kiasi kwamba mtoto akivaa hakuna ncha ya uzi inayomgusa. Neti ya kuinua sketi hakuiunganisha na gauni. Aliishona kwenye shumizi ya peke yake yenye kiuno cha pamba na mpira. Kwa njia hiyo neti haigusi tumbo, na baada ya ibada, kwenye joto la ukumbi, mtoto anaweza kuvuliwa shumizi akabaki na gauni lake akacheza. Fundi mmoja wa Mtaa wa Uhuru alipoelezwa hilo alitikisa kichwa akasema ni kazi ya ziada isiyolipwa. Kweli hailipwi. Ndiyo maana gauni la biashara halina.

Nafasi ya mshono aliacha inchi nzima ubavuni, na pindo la chini inchi nne. Mtu asione ni uchoyo wa kitambaa. Harusi zetu huahirishwa, kwa msiba, kwa michango isiyotimia, kwa ukumbi uliokwisha chukuliwa, na mtoto haahirishi kukua. Hiyo inchi nne ndiyo itakayomvusha hadi Krismasi ya mwakani.

Neno moja kuhusu moto, nalo nalisema kwa uzito. Kuna desturi ya mishumaa kanisani, na kuna keki zinazowashwa fataki ukumbini. Poliesta na neti zikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Sketi iliyojaa neti inakwenda mbali na mwili wa mtoto kuliko yeye mwenyewe anavyojua. Mshenga, msimamizi, mpiga picha, yeyote anayempanga mtoto huyo asimame wapi, amweke mbali na meza ya mishumaa. Hili halina uhusiano na gauni kushonwa nyumbani au kununuliwa, yote mawili ni yale yale.

Simwambii kila mzazi akashone. Asiyewahi kutia zipu asijifunzie kwenye satini wiki ya harusi. Ampelekee fundi wa mtaani kwake, na amtajie tarehe iliyo wiki moja kabla ya tarehe ya kweli, kwani sote tunaijua kesho ya fundi. Pia wapo wazazi wenye uwezo ambao duka ni raha yao, na raha hiyo ni halali. Ninayemtetea ni yule anayejua kazi na kuambiwa kazi yake ni aibu. Shule zetu zilifundisha sayansikimu, na VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ushonaji mpaka leo. Tunawapa vijana vyeti vya kushona, halafu kwenye harusi ya ndugu yao tunawaambia walete hela.

Ipo pia hesabu ya haki. Kamati inayoamua mtindo, rangi na duka ndiyo inayopaswa kulipa. Ikiwa mzazi ndiye mlipaji, basi na aulizwe kabla duka halijachaguliwa. Jambo hili linamalizika katika kikao cha kwanza kwa dakika kumi, kabla hata ya kufika kwenye soda. Anayesema "tutamtafuta mtoto mwingine" anadhani anamwambia mzazi. Atakayelisikia ni mtoto, ambaye hajui bei ya kitu chochote na ataamini kwamba yeye ndiye amekosea.

Gharama yote ya mama wa Temeke, yaani satini, bitana, neti, zipu, uzi, mpira na utepe wa kiunoni, haikufika nusu ya bei ya lile duka. Jasho lake sikulitia, naye hakulitaja. Zilikuwa jioni nne, baada ya kutoka kazini, mtoto akisimamishwa juu ya kigoda kila mara kujaribiwa na kulalamika kwamba miguu inauma.

Gauni lilipofika mahali pa kuonyeshwa, shangazi alialikwa kuja kuliona. Alikuja Jumanne jioni. Hakukaa. Alilichukua kwenye ndoano, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiuno, akavuta zipu juu na chini mara mbili. Kisha akauliza ile bitana ya pamba imenunuliwa duka gani, na kama kitambaa cha jora lile bado kipo, kwa sababu mzazi wa mtoto wa pili naye alikuwa hajatuma hela.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mpaka nilipozungumza na mama huyo mara ya mwisho, gauni lake lilikuwa limetundikwa mlangoni bila kupindwa chini. Alisema pindo hushonwa mwisho kabisa, kitambaa kikishaning'inia na kutulia, mtoto akiwa amevaa viatu vyenyewe, ili libaki inchi moja juu ya sakafu asije akajikanyaga kwenye ngazi za madhabahuni. Na viatu kamati ilikuwa bado haijaamua rangi.